Kugawa intaneti kwenye ruta ya nyumbani: kikomo, kipaumbele au foleni?

Mkutano wa video umeganda, anayeongea amebaki mdomo wazi, na sauti kutoka chumba cha pili inauliza: "Nani anapakua?" Hapo ndipo watu wengi hufungua ukurasa wa ruta kwa mara ya kwanza tangu siku ilipofungwa ukutani. Wanakuta orodha ya vifaa, mbele ya kila kifaa kuna kisanduku cha kuandika kasi, na vidole vinaanza kuwasha. Runinga ipewe megabiti mbili, yaishe.

Hayaishi. Anayetafutwa pale ni mchawi, na kisanduku kile hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ruta nyingi zina angalau njia moja kati ya tatu za kugawa intaneti, na mara nyingi zote hurundikwa chini ya menyu moja yenye herufi QoS (ubora wa huduma). Ya kwanza ni kikomo: kifaa fulani kisivuke kasi fulani, liwalo na liwe. Ya pili ni kipaumbele: laini ikijaa, huyu apite kabla ya yule. Ya tatu ni kusimamia foleni, ambayo kwenye menyu huitwa SQM au hutajwa kwa majina ya mbinu zake, fq_codel na CAKE. Nitasema msimamo wangu mapema ili usome ukijua ninavutia wapi. Kwa nyumba ya familia moja yenye laini ya waya, njia ya tatu inazishinda nyingine mbili kwa mbali. Kikomo kina mahali pake, ila ni pachache kuliko watu wanavyodhani. Kipaumbele ndicho kinachopambwa zaidi kwenye maboksi ya ruta, na ndicho ninachokiamini kidogo kuliko vyote.

Kwanza, ugonjwa ni upi?

Mtu akisema "intaneti ni mbovu" anaweza kuwa anamaanisha mambo matatu yasiyo na undugu. Mafaili yanachukua muda mrefu kushuka. Au simu na michezo inakwamakwama pale tu mtu mwingine anapofanya jambo zito. Au bando linaisha kabla ya wakati. Kila moja lina dawa yake, na kumpa mgonjwa wa pili dawa ya wa kwanza ndilo kosa la kawaida kabisa.

Kuna kipimo cha dakika tano. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, piga pingi (amri ya ping, inayopima muda wa jibu kwenda na kurudi) kwenda anwani yoyote ya nje inayojibu, uiache iendelee wakati hakuna anayetumia laini. Tuseme majibu yanarudi kwa milisekunde 20. Sasa pakia video kubwa kwenye hifadhi ya wingu huku ukitazama namba. Zikipanda hadi 400, 800, au kuvuka sekunde nzima, ugonjwa wako ni foleni. Zikiwa zilirukaruka hata kabla ya kupakia, na zinatulia ukichomeka kebo, ugonjwa ni Wi-Fi: ukuta mnene, ruta iliyofichwa nyuma ya kabati, au masafa yaliyojaa ruta za majirani. Hapo hakuna namba ya kikomo itakayokuokoa, kwa hiyo acha kusoma na kaihamishe ruta. Na kama pingi haitikisiki lakini kila kitu kinakwenda taratibu, laini ni ndogo kuliko watu walio juu yake. Kugawana kutaleta amani ya nyumba, hakutaongeza kasi.

Foleni inatoka wapi? Kila kifaa kinachopitisha data kina bafa, sehemu ya kumbukumbu ambamo pakiti, yaani vipande vidogo vya data, husubiri zamu. Kumbukumbu ilipokuwa rahisi kununua, watengenezaji waliongeza bafa wakidhani wanatusaidia, kwa sababu pakiti isiyodondoka ilionekana kuwa pakiti iliyookoka. Mtaalamu wa kompyuta Jim Gettys ndiye aliyepiga kelele kuhusu uvimbe huu wa bafa mwanzoni mwa miaka ya 2010, akionyesha kwamba ndio unaozifanya laini nzuri zionekane mbovu.

Hesabu yenyewe haina siri. Bafa ya pakiti 256, kila moja ya baiti 1,500, ikijaa ina baiti 384,000, yaani megabiti tatu na ushei. Laini yako ikipakia kwa Mbps 2 (megabiti mbili kwa sekunde), bafa hiyo inahitaji sekunde moja na nusu kuisha. Pakiti ya sauti yako inayofika nyuma ya foleni hiyo inasubiri sekunde moja na nusu kabla hata haijatoka nyumbani. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake G.114, linaweka milisekunde 150 kwa upande mmoja kuwa kiwango ambacho mazungumzo mengi bado huenda bila kero. Wewe umeshakivuka mara kumi.

Angalia kwamba kilichofanya hivyo ni kupakia. Laini nyingi za nyumbani hutoa kasi ndogo sana ya kupakia ukilinganisha na ya kupakua, na hapo ndipo nakala rudufu ya picha za simu inapoiua nyumba nzima kimyakimya. Tena kupakia kukijaa, hata kupakua kunazorota, kwa sababu kila data inayoshuka inahitaji stakabadhi ndogo irudi kwa aliyeituma, na stakabadhi hizo zimekwama kwenye foleni ileile. Runinga inayolaumiwa haipakii karibu chochote.

Kikomo

Ndani ya ruta, kikomo hufanya kazi kama ndoo ya tokeni. Tokeni zinadondoka ndani yake kwa kasi uliyoandika, na pakiti haitoki mpaka ilipe tokeni. Ndoo ikiwa tupu, pakiti inasubiri au inatupwa. Ndoo haijali kama laini nyingine yote imelala.

Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa. Chukua nyumba yenye laini ya Mbps 20 kupakua na 2 kupakia, na vifaa vitano. Ukigawa sawasawa, kila kimoja kinapata 4 kushuka na 0.4 kupanda. Usiku wa manane mtu mmoja anapakua faili la gigabaiti 10: kwa Mbps 20 lingechukua saa moja na dakika saba, kwa 4 linachukua saa tano na nusu, na Mbps 16 zimekaa bure. Upande wa kupakia ni kichekesho zaidi, maana mkutano wa video wa watu wawili wenye picha safi unataka kama Mbps 1.2 kwenda na kurudi, na wewe umempa kila mtu theluthi ya hiyo. Basi unalegeza, unampa kila mmoja Mbps 10. Sasa vitatu tu vikiamka pamoja, jumla ni 30 kwenye laini ya 20, na umerudi kwenye foleni uliyoikimbia. Hakuna namba nzuri hapo katikati. Nimewaona watu wakihangaika nayo kwa wiki nzima kama wanaotafuta stesheni kwenye redio mbovu.

Ruta bora kidogo huruhusu namba mbili kwa kila kifaa, kiwango cha uhakika na dari, ili kifaa kikope kisichotumiwa na wengine. Kwenye ruta za MikroTik namba hizo zinaitwa limit-at na max-limit, na kuna aina ya foleni iitwayo PCQ inayogawa laini sawa kwa kila anwani bila kuandika kanuni moja moja. Ukiwa na hiki, malalamiko yangu yanapungua sana.

Mahali ambapo kikomo kikavu ni jibu sahihi ni pale unapogawana na mtu ambaye hamna bajeti moja: mpangaji, mgeni, jirani uliyemruhusu. Hapo hutaki haki ya kihisabati, unataka mpaka. Washa mtandao wa wageni, uwekee wote kwa pamoja Mbps 5, na usijali wamo wangapi.

Pa pili ni bando, na hapa kuna hila nzuri. Video za mkondo hujipima zenyewe na kuchagua ubora kulingana na kasi zinayoipata. Netflix, kwa mfano, inapendekeza Mbps 5 kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K. Mkondo ukienda kwa Mbps 15 saa nzima unakula gigabaiti 6.75, kwa 5 unakula 2.25. Runinga ukiiwekea kikomo cha Mbps 6, itateremka yenyewe hadi picha inayotosha, na bando litapumua. Lakini hila hii ni ya video tu. Faili la gigabaiti 10 litakula gigabaiti 10 hata ukilipitisha kwenye tundu la sindano.

Ukiamua kuweka kikomo, mitego ni mingi, na mingine haionekani. Kuna menyu zinazotaka kilobiti na nyingine kilobaiti. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo 500 uliyoiandika ukidhani ni kilobaiti inageuka kilobaiti 62 kwa sekunde, na mtoto atakuja kulalamika kabla hujafunga ukurasa. Kanuni iliyofungwa kwenye anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) inaweza kukwepwa bila mtu kukusudia: simu za Android tangu toleo la 10 na za iPhone tangu iOS 14 hutumia anwani ya kubahatisha kwa kila mtandao, na ikibadilika, kwa ruta hiyo ni simu mpya isiyo na kanuni. Kanuni ya anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, peke yake inaacha mlango wa IPv6, mfumo mpya, wazi, na video zinaweza kuupitia mlango huo. Halafu kuna njia za mkato za kuongeza kasi ndani ya ruta, kama FastTrack ya MikroTik, ambazo huzirusha pakiti bila kuzipitisha kwenye foleni za kawaida kabisa. Umeweka kikomo, unakiona kwenye skrini, kimewashwa, na hakifanyi chochote.

Kipaumbele

Wazo lake linavutia: kompyuta ya kazi daraja la juu, runinga katikati, nakala rudufu mwisho. Laini ikiwa tupu, kila mtu anapata yote. Ikijaa, wanapishana kwa daraja.

Shida iko kwenye neno "ikijaa". Ruta yako imeunganishwa na modemu, kifaa kinachopokea laini ya nje, kwa kebo ya gigabiti moja, na laini ya nje inapakia kwa Mbps 2. Kwa macho ya ruta, njia haijajaa hata siku moja, kwa hiyo inasukuma kila pakiti mara inapofika. Foleni inajipanga kwenye modemu, mahali ambapo orodha yako ya madaraja haijulikani. Ni sawa na kupanga watu kwa heshima kwenye lango pana huku msongamano uko kwenye mlango mwembamba mbele. Ili kipaumbele kifanye kazi, lazima uiambie ruta kasi halisi ya laini nzima, kupanda na kushuka. Menyu nyingi zina sehemu hiyo, na wengi huiacha tupu au huandika kasi iliyotajwa kwenye mkataba, ambayo laini huenda haijawahi kuifikia.

Hata ukiiandika vizuri, kifaa si kazi. Kompyuta ileile yenye daraja la juu inaendesha mkutano na wakati huohuo inapakia nakala rudufu, na vyote viwili vinapewa heshima moja. Ruta zinazodai kutambua aina ya programu hubahatisha zaidi na zaidi, kwa kuwa karibu kila kitu sasa husafiri kimefichwa kwa usimbaji. Na daraja kali kupita kiasi lina ukatili wake: wa chini anaweza kunyimwa kabisa mpaka muunganisho wake unakatika.

Pengine kipaumbele kinalipa pale kazi na kifaa vinapokuwa kitu kimoja, kama simu ya mezani ya intaneti au mashine ya michezo. Zaidi ya hapo sikisumbukii. (Usikichanganye na WMM, inayopanga madaraja manne ya sauti, video, kawaida na nyuma ndani ya hewa ya Wi-Fi. Hiyo iache imewashwa.)

Foleni

Njia ya tatu haiulizi ni nani. Unaandika namba mbili tu, kasi ya laini nzima kupakua na kupakia, kidogo chini ya uhalisia, na ruta inahamisha msongamano kutoka kwenye modemu kuuleta ndani kwake. Hapo sasa ina cha kupanga.

Inapanga hivi. Kila muunganisho unapewa foleni yake ndogo, na zamu zinazunguka. Mtiririko mwembamba kama wa sauti, unaotuma pakiti chache kwa nafasi, haukai nyuma ya faili kubwa. Kisha sehemu iitwayo CoDel, iliyoletwa na Kathleen Nichols na Van Jacobson mwaka 2012, inatazama pakiti imekaa muda gani badala ya kuhesabu ziko ngapi. Kwa kawaida, kusubiri kukizidi milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100 mfululizo, inaanza kudondosha au kutia alama pakiti moja moja, na mtumaji anaelewa kwamba apunguze mwendo. Vyote viwili kwa pamoja ni fq_codel, iliyoandikwa rasmi kama hati ya kiufundi ya intaneti RFC 8290 mwaka 2018. Mwaka huohuo CAKE iliingia kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux, toleo la 4.19, ikiwa na kitu ambacho nyumbani ni dhahabu: inaweza kugawa kwanza kwa mtu, halafu kwa muunganisho. Kompyuta iliyofungua miunganisho thelathini haipati mafungu thelathini dhidi ya simu yenye mmoja.

Gharama zipo. Unapoteza asilimia 5 hadi 15 ya kasi kwa sababu lazima uandike namba iliyo chini ya halisi. Prosesa ya ruta inafanya kazi nzito, na zile njia za mkato za vifaa lazima zizimwe. Ruta ya bei nafuu kwenye laini ya Mbps mia kadhaa inaweza kushindwa kufikisha hata nusu. Nafuu ni kwamba laini ikiwa na kasi hiyo, hasa pande zote mbili, foleni huanza kuwa shida ndogo. Upande wa kupakua, ruta inadhibiti kwa kuomba tu: pakiti imeshasafiri laini nzima ndipo inaiona, kwa hiyo inachoweza ni kumshawishi mtumaji apunguze. Kwa mawasiliano mengi ya kawaida ushawishi huo unatosha.

Kikwazo kikubwa ni upatikanaji. Ruta nyingi za mtoa huduma hazina njia hii. OpenWrt, programu huria ya ruta iliyoanza mwaka 2004, inayo. RouterOS ya MikroTik inayo tangu toleo la 7. Ruta ya mtoa huduma ikiwa haibadilishiki, weka yako nyuma yake na mpitishe kila mtu kwenye yako. Kifaa kimoja kikibaki kwenye ile ya mbele, kinakuwa nje ya hesabu na kitaijaza laini bila wewe kujua.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Kikomo | Kipaumbele | Foleni |
|---|---|---|---|
| Unachoandika | namba kwa kila kifaa | nani kwanza, pamoja na kasi ya laini | namba mbili za laini nzima |
| Mtu mmoja peke yake usiku | anabaki na fungu lake | anapata laini yote | anapata yote, pungufu ya asilimia 5–15 |
| Mmoja anapakia faili, mwingine yuko kwenye mkutano | bahati ya namba zako | anayeongea anapona, kama kasi ya laini imeandikwa | wote wanaendelea |
| Simu mpya imeingia | haina kanuni mpaka uiandike | daraja la kawaida | inapata zamu papo hapo |
| Bando | kinasaidia kwenye video | hakisaidii | haisaidii |
| Prosesa | hafifu hadi wastani | wastani | nzito |

Msitari wa tatu ndio ulionifanya nichague. Ndio tukio linaloleta ugomvi, na njia mbili za mwanzo zinalitatua kwa masharti.

Nyumba yako ni ipi?

Familia, laini ya waya isiyozidi Mbps mia moja au mbili, ruta inayokubali SQM: iwashe hiyo, futa kanuni nyingine zote. Kuzichanganya na vikomo vya zamani ni kujitafutia usiku mrefu wa kutafuta kosa.

Nyumba yenye wapangaji au wageni wasiokwisha: foleni kwa laini nzima, na kikomo juu ya mtandao wa wageni pekee. Kama ruta haina foleni, kikomo cha wageni peke yake bado ni bora kuliko kanuni kumi na mbili za kifaa kimoja kimoja.

Laini ya simu, ya 4G au 5G, ni mtihani. Kasi yake inapanda na kushuka kwa saa na kwa idadi ya watu kwenye mnara, na namba moja isiyobadilika itakuwa juu mno jioni au chini mno alfajiri. Kuna skripti iitwayo cake-autorate inayoipima laini kila mara na kuibadilisha namba, kwa mwenye OpenWrt na subira. Asiye navyo aandike kasi ya saa mbaya, akubali hasara ya saa nzuri. Na kama bando ndilo linalouma, rudi kwenye kikomo cha runinga, ndiko akiba ilipo.

Ruta isiyo na chochote isipokuwa kikomo kwa kila kifaa inaweza kuokolewa nusu. Usiguse kupakua kabisa. Tafuta kifaa kinachopakia kwa wingi, mara nyingi ni simu inayohifadhi picha au kamera ya usalama, na ukipunguze upande wa kupakia tu, kiwe chini ya nusu ya laini. Kanuni moja, na mikutano inarudi.

Kwa namba za kuanzia, pima laini kwa kebo, saa ya msongamano, mara tatu, na chukua matokeo ya chini. Andika asilimia 90 ya hayo kwenye kupakia, uache kupakua kwanza. Rudia lile jaribio la pingi huku video inapanda. Ikiwa bado inaruka, teremsha kwa asilimia 5, jaribu tena, mpaka namba itulie karibu na ile ya laini tupu. Kisha fanya vilevile kwa kupakua.